Ugali Niliowapikia Waasi

Kutoka Kilibula

Tangu nirudi, cherehani yangu haifanyi kazi. Kila anayeleta suruali ya kutiwa kiraka anakaa kwenye benchi na kuuliza lile lile: Fundi, ni kweli uliwapikia waasi? Wengine wanauliza wakicheka, wengine wamekunja uso, na ninamjua yule kati yenu aliyeapa kwamba hatashonewa tena kitu na mimi. Basi naandika mara moja, yote, nisiulizwe tena, na asiyejua kusoma asomewe. Ndiyo, niliwapikia. Tena nilipika vibaya.

Mnakumbuka wakati ule. Uhuru ulikuwa bado mchanga, tulikuwa hata hatujamaliza kuuzungumzia, mara maasi yakatufikia na mji wetu wa Uvira ukawa mikononi mwa wenye mikuki. Mke wangu Feza alikuwa ameenda kwa mama yake Mutarule kuvuna mpunga, na binti yetu Neema mgongoni. Waasi wakaichoma Mutarule wakisema wenyeji wanawaficha askari wa serikali. Nilikaa muda mrefu sijui kama nina mke au sina. Kisha mchuuzi mmoja wa chumvi akaleta habari kwamba watu wa Mutarule wamekimbilia milimani, wamelala ndani ya kanisa la udongo chini kidogo ya Mulenge, hawana unga, wanachemsha majani, na watoto wameanza kuvimba miguu.

Jumapili hiyo kanisa letu lilichanga. Mwenye kikombe cha unga wa muhogo alileta, mwenye ndagala wakavu, hawa samaki wadogo wa ziwa letu, alileta, hata chumvi ilipatikana, na ninyi mnajua chumvi ilivyokuwa adimu. Mchungaji akauliza nani atapeleka. Mama Rebeka akasimama. Mama Rebeka ni shemasi wetu, mjane mfupi mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka katikati ya ziwa, na hajawahi kumpita mtu bila kumpa mkono na kumwambia Bwana asifiwe. Kanisani kwetu wote tunasalimiana hivyo, lakini yeye huwasalimia hivyo hata walevi. Mimi sikusimama. Macho ya kanisa zima ndiyo yaliyonisimamisha, maana kila mtu alijua mke wangu yuko huko.

Mimi ni mwoga, sina haja ya kulificha hilo. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa ziwa likichafuka hata nikiwa nchi kavu. Tulipotoka Kilibula, mtaa wetu, asubuhi, gunia la unga begani mwangu na kikapu cha ndagala kichwani mwa Mama Rebeka, nilikuwa nimeshageuka kutazama nyuma mara nyingi kabla hatujafika mwisho wa nyumba.

Tulipofika Kavimvira ndege ya vita ya serikali ilikuja kutoka upande wa ziwa. Kila aliyekuwa barabarani alijitupa mtaroni. Nililala juu ya gunia langu nikasali sala ambayo haikuwa na maneno.

"Fundi, inamisha kichwa! Weye unatafuta nini?" Mama Rebeka alinikaripia.

Ndege ilipopita, nilimkuta amekaa mtaroni ameshika mkono wa mwanamume asiyemjua, tope mpaka kwenye kiwiko, anamwambia Bwana asifiwe. Nilicheka kwa hofu. Laiti ningejua, ningemkataza pale pale.

Mutarule

Njia ya tambarare mnaijua, jua na vumbi na mashamba ya pamba pande zote. Tulilala kwa mjane mmoja ambaye hakuwa na kitu isipokuwa mahindi makavu, akatukaangia na kuomba radhi kama vile ametukosea. Alikataa kupokea hata ndagala wetu. Akasema vya wale wa mlimani haviguswi.

Mutarule palikuwa kimya. Nyumba zilikuwa kuta nyeusi bila paa, na mbele ya kila ua kinu kimebaki peke yake. Nilipata nyumba ya mama mkwe wangu kwa kuhesabu migomba, maana hapakuwa na alama nyingine. Niliita, "Feza!" Sauti yangu ilinitisha mwenyewe. Mara jiwe likanipiga mgongoni, na jingine likapita kando ya sikio langu.

"Banakuya tena! Muende! Hakuna kitu hapa!"

Alikuwa mzee amejificha kwenye pamba, ana rundo la mawe karibu naye. Mama Rebeka alimwendea moja kwa moja na mkono mbele, huku mawe yakirushwa, na yule mzee alipouona ule mkono akaangusha jiwe na kuanza kulia.

"Minye nilizani ni wale ba mikuki. Munisamehe, banangu."

"Muke yangu Feza," nikamwambia, "uko na mutoto ku mugongo. Ulimuona?"

"Wote walipanda ku mulima. Kama hakukufa, iko kule."

Kama hakukufa. Maneno hayo nilipanda nayo njia nzima. Mama Rebeka alimtilia mzee chumvi kwenye kiganja, naye akailamba yote hapo hapo akiwa amefumba macho. Ninakiri nilinung'unika. Nilikuwa nimeshaigawa ile chumvi kichwani mwangu, na sehemu kubwa ilikuwa ya Neema.

Kizuizini

Pale njia inapoacha tambarare na kuanza kupanda, walikuwa wamefunga kamba ya mmea wa msituni kutoka mti hadi mti. Walitoka kwenye nyasi pande zote mbili. Wengi walikuwa na mikuki, mmoja alikuwa na bunduki, na wote walikuwa na chale nyeusi kwenye paji la uso, mahali mganga wao alipowachanja na kuwapaka dawa ya kugeuza risasi kuwa maji.

"Simama! Muzigo chini!"

Nilitua gunia. Mkojo ulinitoka kidogo, na kwa kuwa mmetaka yote, basi mmepata yote.

Aliyetumwa kukagua mizigo alikuwa mtu mzima wa umri wangu, mwenye ndevu chache, jina lake tulikuja kujua ni Enoki. Alisogea na mkuki mbele, akachokoa kikapu kwa ncha. Mama Rebeka alipoinuka kutoka kwenye kikapu chake alifanya lile alilofanya maisha yake yote. Alinyoosha mkono.

"Bwana asifiwe, mwanangu."

Na yule mtu akaushika. Hakufikiri. Aliushika kwa mikono miwili, akainama kidogo kama tunavyofundishwa tukiwa wadogo, akajibu, "Amina, mama."

Kisha akautazama mkono wake.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukigeuka namna ile. Nyuma yake mmoja akapiga kelele, "Ameshika mukono ya mwanamuke!" Wenzake wote wakaruka nyuma, wakimkimbia yeye, si sisi. Ninyi mliokaa mjini mnakumbuka masharti yao. Aliyepakwa dawa hashikani mikono na mtu. Haguswi na mwanamke. Hali chakula kilichopikwa na mwanamke, wala yeye mwenyewe hapiki. Akivunja sharti, dawa imekufa, na anayemgusa naye dawa yake inakufa. Enoki alikuwa amevunja mawili kwa salamu moja, akaanza kuusugua mkono ule kwenye nyasi.

Komanda wao, mtu mwembamba aliyevaa koti la mvua juani, alikuja akasimama mbali.

"Mama, unajua kile umefanya? Umemuua huyu. Risasi itaingia mu mwili yake."

"Minye nilimusalimia tu. Ni vile tunafanyaka mu kanisa."

"Njo vile tutakuua na weye!"

Lakini wamuueje? Mmoja alisema afungwe, mwingine akauliza atafungwa na nani bila kumgusa. Mmoja alisema achomwe mkuki, mwenzake akasema damu ya mwanamke ikimrukia itakuwaje. Walibishana mbele yetu kwa hasira, nami nilikaa chini nikiomba wabishane mpaka Yesu arudi, maana nilijua mimi ni mwanamume na kwangu hakuna sharti linalowazuia.

Ndipo nikaziona nyuso zao. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Yule mwenye bunduki alikuwa anatafuna bua la mtama. Wanawake wote wa upande ule walikuwa wamekimbia, na hata wangekuwepo, sharti lilikuwa pale pale. Watu wale walikuwa wanakufa njaa kwa ajili ya dawa yao.

"Mu gunia iko nini?" Komanda akauliza.

"Unga, Komanda. Ni ya watu ya kanisa kule juu. Hawana nyumba, hawana chakula."

"Nani alitwanga?"

Nilitamani kudanganya, sikuweza. "Wanamuke."

Wote wakamgeukia Komanda. Akalizunguka gunia. Mwishowe akasema, "Muganga alikataza kupika. Hakusema kutwanga." Wakashusha pumzi. Akanielekezea fimbo. "Weye, ulipakwaka dawa?"

"Hapana, Komanda."

"Basi weye utapika."

Ndugu zangu, mnajua sisi wanaume wa huku. Mama yangu aliyenizaa akinikuta karibu na jiko alikuwa ananifukuza na mwiko. Sikuwahi kupika hata maji. Nilimwambia Komanda kwamba sijui, akasema atakayekula kibichi atanichoma mkuki, nikasema basi najua.

Waliniletea chungu na mafiga. Mama Rebeka walimketisha ng'ambo ya njia, mbali, kivuli chake kisiguse moto. Mimi nikamimina unga kwenye maji baridi.

"Fundi!" alipiga kelele toka huko. "Weye unafanya nini? Maji ichemuke kwanza!"

Nikamwaga, nikaanza upya. Unga ule uliomwagika ardhini niliuokota kwa vidole mpaka Komanda akanikemea. Maji yalipochemka nikatia unga, ukafanya mabonge, moshi ukanijaa machoni.

"Geuza! Geuza, Fundi! Haushonake nguo hapo, geuza na nguvu!"

Waasi wakaanza kucheka. Yule mwenye bunduki alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa nalia, na nilisema ni moshi, lakini haukuwa moshi. Kila konzi niliyotia chunguni nilikuwa naitoa kinywani mwa Neema. Gunia lilikuwa linalegea mbele ya macho yangu, na nilimchukia kila aliyekuwa anasubiri kumeza. Niliwachemshia na ndagala, na mchanga wake.

Walikula mabonge yale bila kutafuna, wakaagiza chungu kingine, nikapika tena. Enoki alikuwa amekaa peke yake chini ya mti. Mkuki wake walikuwa wameuondoa kwa kuusukuma na matawi. Hakuna aliyemkatia hata kipande.

"Na ule?" Mama Rebeka akauliza.

"Ule ni maiti," Komanda akajibu.

"Maiti haina njala. Ule iko na njala."

Akainuka, akavuka njia, na wote wakamkimbia kwa kuogopa kuguswa. Akamega ugali kwenye chungu changu kwa mkono wake, akampelekea Enoki, akampa mkononi. Nilimnong'oneza, "Mama, watatuua!" Akanijibu bila kunitazama, "Basi batuue akiwa ameshiba."

Hawakutuua. Jua lilipokuwa limeinama Komanda alifungua kamba mwenyewe, akasema chakula kilichobaki chunguni kimeharibika kwa mkono wa mwanamke na gunia lililokaa kando yake limeharibika nacho, tulibebe tuondoke, maana hataki tukae pale hadi kesho. Kisha akamwonyesha Enoki. "Na huyu ni yako, mama. Ulimuharibu, umubebe. Akibaki, atatuharibu wote."

Kupanda

Nilipinga moyoni tu. Njia nzima nilikuwa nikipiga hesabu ya vifo vyetu. Tukikutana na askari wa serikali, wataziona chale kwenye paji la Enoki na kutupiga risasi wote. Tukikutana na watu wa milimani, hao watatumia mapanga. Nilimweka atangulie nimwone, kisha nikaona akitangulia atakuwa wa kwanza kuonekana, nikamweka nyuma, kisha shingo yangu ikaanza kuwasha kwa kumfikiria yuko nyuma yangu. Mwishowe Mama Rebeka alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga Enoki kwenye paji la uso kama mtu anayeumwa kichwa, akatuambia tuache ujinga.

Enoki alinipokea gunia. Sikutaka kumpa, lakini bega langu lilikuwa limekufa. Tulipopumzika alisema, bila kuulizwa, kwamba yeye ni mvuvi wa upande wa kusini wa ziwa, kwamba askari walichoma nyumba yake na mtumbwi wake wakati hayupo, kwamba alipakwa dawa kwa sababu wenye dawa ndio waliokuwa wanakula. "Sasa hata bale hawanitaki," akasema. Nilimwomba anyamaze. Niliona akiendelea itakuwa vigumu kumwogopa, na woga wangu ulikuwa ndio kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho.

Huko juu baridi ilitushika kwenye mianzi. Mchunga ng'ombe mmoja alitutazama kutoka mbali, akaona ni wageni, na kabla hatujatoa salamu alikuwa amesukuma ng'ombe wake wote ndani ya ukungu. Tulisikia kengele zao muda mrefu, hatukuwaona tena.

Kanisani

Tulifika mvua ikianza. Kanisa lilikuwa dogo, paa la nyasi, na moshi ukitoka mlangoni. Nilisahau waasi, nilisahau gunia, nikakimbia. Feza alikuwa amekaa ukutani, mashavu yameisha, macho yamekuwa makubwa. Neema alikuwa mapajani pake, miguu imevimba, anapumua. Anapumua! Nilipiga magoti nikalia kama mtoto, na Feza akanishika kichwa akisema, "Baba Neema. Baba Neema. Weye mwoga, umefika je?"

Watu walikuwa wanainuka, wanawake wanapiga vigelegele kwa kuona unga. Enoki aliingia nyuma yetu na gunia begani. Alilitua. Alipoona meza ya mahubiri na msalaba wa mianzi, akafanya kile ambacho kila mwanamume wetu hufanya akiingia kanisani. Alivua kitambaa kichwani.

Vigelegele vilikatika. Chale zilikuwa wazi mbele ya watu wote. Mwanamke mmoja alimkumbatia mwanawe akamgeuza uso ukutani. Mzee Yona, aliyelinda kanisa lile, aliokota jembe.

"Mulileta huyu mu nyumba ya Mungu?"

"Alikuya amebeba unga yenu," Mama Rebeka akasema. "Hana kwake. Na yeye walimuchomea."

"Na sisi, nani alituchomea?"

Mama Rebeka akawatazama wale watoto waliovimba miguu. Enoki alitoka mwenyewe kabla jembe halijainuliwa, akakaa nje, mgongo ukutani, mvua ikimpiga. Hakwenda popote. Alikuwa hana pa kwenda.

Wanawake walipika, na ulikuwa ugali wa kweli, sio wangu. Mzee Yona akagawa kwa kuita kila nyumba, hata nyumba ambayo sasa ilikuwa na mtu mmoja tu. Alituita na sisi. Sahani ilikuwa ndogo, maana gunia lilikuwa limepungua, na ilibidi niwaeleze kwa nini. Nilimweleza Feza mbele ya wote jinsi nilivyopika, maji baridi, mabonge, Mama Rebeka akinifokea toka ng'ambo. Feza akacheka. Wenzake walisema ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu Mutarule iungue. Akamlisha Neema kwanza, tonge kwa tonge, mpaka mtoto akageuza uso kwa kushiba.

Kisha akaacha kucheka. Akatazama mlangoni, akanitazama.

"Na ule wa inje, alikula?"

"Si wetu," nikasema. "Feza, watu hawa watatufukuza. Watanipiga na lile jembe."

"Baba Neema," akasema polepole, "ulimupikia wakati iko na mukuki. Sasa mukuki haiko, utamunyima?"

Akaniwekea mkononi sahani iliyokuwa na sehemu yake na yangu.

Ninyi mnaouliza kama niliwapikia waasi, nawaambia kizuizini haikuwa kazi kubwa, mkuki ulinisaidia. Kutoka pale ukutani hadi mlangoni ndiko kulikokaribia kunishinda. Watu wote walinitazama. Mtu mmoja alitema mate. Mzee Yona alikuwa bado na jembe mapajani. Nilitoka, nikachuchumaa chini ya ukingo wa paa, nikamwambia Enoki anawe kwa maji yaliyokuwa yanadondoka. Alinawa, lakini hakuthubutu kutia mkono kwenye sahani, akabaki ananitazama. Basi nikamega mimi kwanza. Yeye akamega. Hakuna aliyetuita ndani, wala hakuna aliyetufukuza, tukala mpaka sahani ikaisha.